Shaba Iliyokuwa Ukutani

Zakaullah Beg hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi mbele yake alihuzunika kwelikweli, kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Mwizi, alipenda kueleza, huchukua cha mtu bila ruhusa. Yeye alipewa. Watu walimletea fedha kwa mikono yao miwili, wakamshukuru, na wengine wakamwombea dua. Huko Lahore alimuuzia mfanyabiashara mmoja haki ya kutoza kodi mabenchi yote ya stesheni ya reli kwa mwaka mzima, na bwana yule alimsindikiza hadi mlangoni akamkabidhi na boksi la halua. Ni pale mfanyabiashara huyo alipokwenda kudai kodi kwa abiria waliokalia mabenchi hayo ndipo alipopigwa, na ndipo hewa ya Lahore ilipoacha ghafla kumfaa Zakaullah kiafya.

Ndiyo maana asubuhi ile ya masika alikuwa Sialkot, nje kidogo ya kambi ya zamani ya jeshi, akikimbia mvua huku amejifunika koti lake la sufu kichwani. Mbele yake aliona ukuta mrefu wa matofali, na ndani ya ukuta huo jengo moja nene, fupi, lililoinama kama fahali anayetaka kupiga mtu pembe. Halikuwa na dirisha hata moja. Alijibanza mlangoni.

Hapo ndipo riziki ilipomwona. Jicho la Zakaullah lilikuwa limezoea kuangalia vitu kwa bei, na lilipotua kwenye bawaba za mlango lilikataa kuondoka. Bawaba zilikuwa na kutu ya kijani. Sasa chuma, kila mtu anajua, hakina kutu ya kijani. Alitoa sarafu mfukoni akakwangua. Chini ya kijani paling'aa wekundu kama wa shavu la bibi harusi.

"Ukimaliza hapo uje ukwangue na masufuria yangu," sauti ikasema nyuma yake. "Yana masizi."

Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, shali imefungwa kiunoni, na beseni la kinyesi cha nyati kichwani. Jina lake Bakhtawar. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala lile hadi alipofariki, na ofisi iliyomwajiri ikaona ni usumbufu kutafuta mlinzi mwingine, ikamwachia mjane funguo. Aliishi katika chumba cha zamu, kando ya lango, pamoja na nyati wake mmoja wa maziwa.

"Mama, samahani," Zakaullah akasema, akishika kifua kwa heshima. "Mimi ni mtu wa majengo. Nikiona jengo zuri mkono unaniwasha."

"Basi ujikune mwenyewe, uache mlango wa serikali."

Lakini mvua haikukatika, na Bakhtawar alikuwa amekaa miezi mingi bila mtu wa kuongea naye zaidi ya nyati. Alifungua. Ndani kulikuwa kukavu kama tanuri, na kwenye sakafu ya mbao zilipangwa safu kwa safu, kwa nidhamu ya kijeshi, mikate ya kinyesi cha nyati ya kuwashia moto.

"Hakuna mahali pakavu kama hapa Punjab nzima," Bakhtawar akasema kwa fahari. "Waingereza walijenga kuweka baruti. Baruti na kinyesi, vyote havitaki unyevu."

Akamwonyesha yote aliyofundishwa na mumewe. Milango ilivishwa mabati ya shaba nyekundu, na misumari na komeo ni za shaba, kwa sababu chuma kikigonga jiwe hutoa cheche, na cheche moja ingepeleka kambi nzima mbinguni. Paa lilikuwa kuba la matofali. Ukuta ulikuwa ukuta mara mbili: wa nje mnene, wa ndani mnene, na katikati uwazi wa kupita mtu kwa ubavu, ili hewa izunguke na unyevu usifike kwenye mapipa. Matundu ya kuingizia hewa yalikatwa kwa kukunjwa, yakaingia kushoto, yakageuka kulia, cheche isipate njia.

"Kwa hiyo mtu akichungulia tunduni haoni ndani?" Zakaullah akauliza taratibu.

"Haoni kitu. Ataona kona."

"Na huo uwazi, mtu anaingiaje?"

"Kuna kijilango kule nyuma, cha kufagilia. Kwa nini?"

Zakaullah alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesali, na kwa namna yake alikuwa anasali. Shaba ya milangoni ilikuwa kidogo, na ingeonekana ikitoweka. Lakini shaba ambayo haipo, ambayo hakuna mtu awezaye kuiona, hiyo unaweza kuuza tani ngapi?

Katika maisha yake Zakaullah aliwahi kufanya kazi moja ya halali, miaka miwili, katika ofisi ya mchora ramani, na alifukuzwa kwa kosa la kuchora saini ya bosi vizuri kuliko bosi mwenyewe. Mkono haukuwa umesahau. Kwa siku tatu alipima ghala lile kwa hatua na kwa kamba, akachora. Akachora kuba, nguzo za kuegemeza kuta, nondo ya kukinga radi, ukuta wa nje wa kukinga mlipuko. Kila mstari ulikuwa wa kweli. Wakati mwingine alijikuta amesahau biashara kabisa, amekaa chini anashangaa jinsi fundi yule wa zamani alivyofanya paa kuwa jembamba kuliko kuta, ili baruti ikilipuka ipande juu, isije pembeni kuua watu. Hata kufa kwake jengo lilikuwa limepangiwa adabu.

Kisha akachovya kalamu kwenye wino mwekundu na kupaka ule uwazi wa katikati ya kuta. Pembeni akaandika: *Bitana ya shaba, unene wa vidole viwili, kuzunguka jengo lote.*

Huo ndio ulikuwa uongo pekee katika karatasi nzima, na ulipendeza kupita kiasi.

Mama Bakhtawar aliitazama ramani akafikicha pua.

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Kukaa ukutani, Mama."

"Nikae ukutani!"

"Nusu saa tu. Una sufuria ya shaba? Ile kubwa ya pilau? Mnunuzi akigonga kwa nje, wewe unagonga kwa ndani. Akisogea, unasogea. Baadaye tunagawana mimi na wewe, halafu hakuna atakayebomoa kitu. Nitamwambia kibali cha kubomoa kitachukua miezi mitatu. Kufikia hapo mimi nipo Peshawar na wewe hujui lolote, mjane wa watu."

Bakhtawar alifikiri. "Utaniachia nini cha dhamana? Mimi sikujui. Leo upo, kesho upo Peshawar."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho Zakaullah alivua saa yake ya mkononi, ya dhahabu kweli, kitu pekee alichowahi kukipenda, akamkabidhi. Na kwa kuwa mle ukutani kulikuwa na baridi, alimwachia na koti la sufu.

Mnunuzi alikuwa Haji Karam Din wa Gujranwala, mji wa watengeneza masufuria. Huyu bwana alikuwa na viwanda viwili, tumbo moja kubwa, na hofu ya kudumu kwamba mahali fulani duniani kuna mtu anapata faida ambayo yeye hakuambiwa. Hakuamini benki wala noti. Aliamini fedha ya kale tu, rupia za enzi ya wafalme wa Kiingereza, alizozihifadhi sandukuni chini ya kitanda. Zakaullah alimwandalia chai hotelini, akajitambulisha kama injinia wa serikali, akanong'ona kuhusu mnada wa siri, na Haji alinong'ona pia, na walinong'onezana hivyo hadi mhudumu akadhani wana msiba.

Jumanne wakafika ghalani. Zakaullah alivaa tai.

"Injinia," Haji akasema, akilitazama jengo, "mbona haya ni matofali tu?"

"Ndiyo uzuri wake, Haji. Ungekuwa wewe Mwingereza, una shaba tani mia mbili, ungeiweka nje?"

"Nisingeiweka nje."

"Unaona? Una akili ya kijeshi."

Haji alifurahi, akajaribu kutofurahi kwa sababu ya bei. Alichungulia tunduni akaona kona. Akaingiza waya, waya ukajikunja. Akauliza kwa nini matundu yamepinda, na Zakaullah akamweleza ukweli mtupu kuhusu cheche, kwa sababu ukweli ukiwepo karibu, alipenda kuutumia.

"Sasa gonga," akasema.

Haji alichukua jiwe akagonga ukuta mara tatu. Kimya. Halafu, kutoka ndani kabisa, ikasikika sauti nzito tamu: *dong, dong, dong.*

Masikio ya Haji Karam Din, yaliyozaliwa katika mtaa wa wafua shaba na kulelewa humo, yalisimama kama ya sungura.

"Hiyo ni shaba," akasema kwa sauti ya kukauka. "Wallahi hiyo ni shaba nyekundu. Siwezi kudanganywa kwa shaba."

"Nani angethubutu, Haji?"

Wakasogea hatua kumi. Haji akagonga: *dong.* Wakazunguka pembe. *Dong.* Haji alianza kutembea haraka, akigonga huku na kule kama mtoto wa shule na uzio, na kule ndani Mama Bakhtawar, akiwa kwa ubavu na sufuria la pilau la watu hamsini, alikuwa akikimbia kama kaa. Sauti zikaanza kuchelewa. Haji aligonga mara mbili, ikajibu tatu. Halafu ukuta ukapiga chafya.

Haji aliganda na jiwe mkononi.

"Nini hicho?"

"Hewa," Zakaullah akasema bila kupepesa. "Jengo linapumua, Haji. Nilikueleza kuhusu matundu. Joto la nje likikutana na shaba baridi ndani, ukuta unasukuma hewa."

"Umesukuma na 'Alhamdulillahi'."

"Mwangwi, Haji. Kuba lile linachukua maneno ya mtaani."

Haji alilitazama kuba kwa heshima mpya. Wakakubaliana Alhamisi saa sita mchana: yeye ataleta sanduku la fedha, Injinia ataleta hati yenye muhuri. Na walipoagana, Haji alimkumbatia.

Jumatano nzima Zakaullah alikuwa mjini akimsimamia mchonga mihuri. Alitaka muhuri wenye simba na maneno mengi. Alhamisi alifika ghalani mapema, anapiga mluzi, muhuri mfukoni, tiketi ya treni ya Peshawar kwenye soksi.

Mluzi ulikatika langoni. Haji Karam Din alikuwa amefika kabla yake, amekaa juu ya kitanda cha kamba, na wafanyakazi wanne wenye sururu walikuwa wanautwanga ukuta wa kaskazini kwa nguvu zote. Nyati hakuwepo. Mlango wa chumba cha zamu ulikuwa wazi na ndani pamefagiliwa safi.

"Haji!" Zakaullah akasema. "Kibali bado! Na malipo je?"

"Nimeshalipa." Haji alitabasamu tabasamu pana kama bahari. "Jana."

"Umemlipa nani?"

"Kwani wewe peke yako ndiye mjanja Punjab hii? Niliporudi nyumbani nikajiuliza: huyu Injinia ana tai ya Lahore na viatu vya kuazima. Jana asubuhi nikaja mwenyewe kwa mama wa watu. Akaniambia yote. Kwamba wewe si injinia wa serikali, ni tapeli, ulikuja kujificha mvua! Kwamba mwenye funguo na mwenye mamlaka ni yeye, na ataniuzia shaba yote kwa nusu ya bei yako. Nusu! Nikampa sanduku palepale." Akampiga Zakaullah bega kwa huruma. "Usichukie. Ndiyo biashara."

Zakaullah alifungua mdomo kumwambia hakuna shaba. Kisha akaufunga, kwa sababu sentensi hiyo, hata ukiigeuza vipi, ilikuwa inaanza na yeye na kuishia polisi. Alikaa kitandani pembeni ya Haji. Saa yake. Koti lake la sufu. Yule mama alisema kweli kuhusu kila kitu isipokuwa kitu kimoja, na huo ndio ulikuwa utaratibu wake yeye mwenyewe, uliomchukua miaka ishirini kuukamilisha. Alisikia uchungu, na ndani ya uchungu, kwa aibu kidogo, akasikia heshima.

Ukuta ulitoboka. Vumbi likatoka, likafuatiwa na hewa ya baridi nzuri. Mfanyakazi mmoja aliingiza mkono hadi bega, akapapasa, akatoa sufuria kubwa la pilau lenye mbonyeo.

"Bosi," akasema, "kuna hii."

Haji alilitazama sufuria. Akaligeuza. Chini palikuwa na chapa ya kiwanda chake mwenyewe.

Kilichotaka kutokea baada ya hapo kingekuwa kibaya, maana Haji alikuwa ameshanyanyuka na sururu, na Zakaullah alikuwa anapima umbali wa lango. Lakini langoni kengele ya baiskeli ililia. Aliingia bwana mwembamba mwenye miwani, mwavuli umefungwa kwenye usukani, suruali imebanwa kwa vibanio vya kufulia. Alikuwa Tajammul Husain, mkaguzi wa majengo ya kale, afisa wa kwanza kukanyaga pale kwa miaka kumi na minne.

"Yupi kati yenu," akauliza kwa pumzi ya juu juu, akitoa barua mfukoni, "ni mtoto wa dada yake Mama Bakhtawar?"

Mkaguzi alisogeza miwani akasoma: "*Bwana mkubwa, nimechoka, naacha kazi. Mungu amenifungulia na naelekea Karachi kupanda meli ya mahujaji.* Mashallah. *Namwachia lindo mtoto wa dada yangu, amesoma, analijua ghala hili kuliko mimi na kuliko nyinyi. Njoo Alhamisi bila kukosa, kuna watu wanataka kuubomoa ukuta niliouchunga miaka ishirini na sita. Kijana ana haya, anaweza kukana. Usimwache aondoke.*"

Haji Karam Din alitoa sauti ndogo kooni. Fedha yake, yote, ilikuwa imeondoka kwenda Makka na yeye haikumchukua.

"Na hawa?" Mkaguzi alikuwa ameliona tundu ukutani, uso ukambadilika. "Nani amefanya hivi? Hii ni mali ya serikali! Hili ni kosa la jela!"

Sururu ilikuwa mkononi mwa Haji. Haji alimtazama Zakaullah. Katika macho yale mekundu Zakaullah alisoma kitabu kizima: ukinitaja nitakutaja. Akasimama, akanyoosha tai.

"Ni mimi mpwa wake, bwana," akasema. "Na huyu ni Haji Karam Din, mtu wa kheri kutoka Gujranwala. Alisikia ukuta una ufa. Amekuja kuukarabati kwa gharama zake. Ametoa matofali mabovu tu."

Mkaguzi aliushika mkono wa Haji kwa mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. Miaka kumi na minne ameomba fungu la ukarabati! Lakini itabidi kutumia udongo wa asili, akaeleza: chokaa iliyolala siku nyingi, vumbi la matofali, sukari guru, na dengu zilizosagwa.

"Dengu?" Haji akasema. "Ukuta unakula dengu?"

"Magunia matatu yatatosha."

Halafu mkaguzi akamgeukia Zakaullah, akamuuliza kwa nini paa ni jembamba kuliko kuta. Zakaullah akamjibu. Akamuuliza kuhusu matundu, kuhusu nguzo, kuhusu ukuta wa kinga, na Zakaullah alijibu yote, akachukua na kijiti akachora chini, akamkosoa mkaguzi mahali pawili. Yule bwana aliandika kila neno. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake Zakaullah kuaminiwa hivyo kwa jambo la kweli, na lilimkaa kama chakula asichokizoea.

"Mshahara ni mdogo," mkaguzi akasema alipopanda baiskeli. "Lakini nitapita kila wiki. Usiwe na haya, mwanangu."

Tiketi ya Peshawar ilikuwa ya siku ile ile, na treni ilipiga honi saa kumi. Zakaullah aliisikia. Lakini fundi wa Haji wakati huo alikuwa anaweka tofali la tatu kwa upana badala ya urefu, na hilo halikuvumilika, akaenda kumgombeza.

Kazi ilichukua siku tisa. Haji alikuwa haamini mtu kumsimamia dengu zake, kwa hiyo alikaa pale mwenyewe, amenuna, akila mkate wa tanuri na mboga ya haradali upande mmoja wa kitanda cha kamba huku Zakaullah akila upande wa pili. Siku ya tisa, tofali la mwisho lilipowekwa, Haji alifuta mdomo.

"Niambie kweli sasa. Nimeshalipa, nimeshajenga, niambie tu. Humo katikati kuna nini?"

"Hewa, Haji."

"Hewa tu?"

"Hewa tu. Ndiyo inayolishikilia jengo lote. Bila hiyo lingeoza zamani."

Haji Karam Din alikaa akiitafakari bei yake. Kisha akainuka taratibu, akaenda hadi kwenye tundu la hewa lililo karibu, akainama na tumbo lake lote, akabandika pua.

"Haji, unafanya nini?"

"Niache," Haji akasema, akivuta kwa nguvu hadi mabega yakapanda. "Nimeinunua."